Pedi za Nyuma

Zuwena binti Uweso hakuwa mtu wa kujidanganya. Wivu wake aliujua kama mtu anavyolijua jino lake bovu: unapoanzia, unapopanda, na saa unapozidi. Ulianza siku Maulid alipoingia Ngamiani na gari jekundu la milango miwili, lenye taa zilizolala ndani ya boneti na kuinuka zikiwashwa. Watu walitoka vibarazani kulitazama. Maulid alilisimamisha mbele ya nyumba bila kulizima, akateremsha kioo, akamwita kwa jina la binti yao, "Umeliona, Mama Nasima?" Kisha akaenda nalo Raskazone kwa mke mdogo, na huko ndiko likalala.

Tangu siku ile mwaka ulikuwa karibu kwisha, na Zuwena hakuwahi kuketi ndani yake hata mara moja.

Kilichomuuma hakikuwa gari tu. Miaka ile ya foleni, kipande cha sabuni kilipokuwa kikitoa watu jasho, yeye ndiye aliyekuwa na kazi. Alikuwa fundi wa magari katika karakana ya shamba la mkonge nje ya mji, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na wanane, na mshahara wake ndio uliopika chungu. Maulid alikuwa akipitisha vitenge vya magendo kutoka mpakani. Msako wa walanguzi ulipokuja, robota zake mbili zilikaa wiki tatu nyuma ya kiti cha lori la shirika, lori ambalo Zuwena kila siku alisema halijapona. Zingeonekana, wangefungwa wote wawili. Hazikuonekana. Kisha ikaja ruksa, na aliyeitwa mlanguzi akaitwa mfanyabiashara. Mkonge ukaanguka bei, karakana ikafungwa, Zuwena akarudi nyumbani na sanduku lake la spana. Maulid akaanza kwenda Dubai. Aliporudi safari ya tatu alipitia Wete, akaja na Tuhfa, binti wa Kipemba mwenye miaka ishirini na miwili na sauti ya pole.

Ukewenza Zuwena aliukubali kwa mdomo. Siku zilikuwa mbili kwa mbili, kama sheria inavyotaka. Lakini tangu mwezi wa Rajabu kulizuka safari za Moa. Maulid alisema ana watu wake kule wanaomkusanyia kamba wa kupeleka hotelini, na karibu kila wiki siku moja ya zamu ya Zuwena ikaliwa na Moa. Zuwena hakuuliza. Alijilaza peke yake akijua, au akidhani anajua, kwamba Moa hiyo iko Raskazone, ina pazia la rangi ya zambarau na kitanda kilicholetwa kwa meli.

Alhamisi moja, masika yakielekea kwisha, Maulid alimkuta akisuka mkeka.

"Gari linakwaruza nyuma," alisema.

"Basi lipeleke gereji."

"Nimelipeleka. Yule fundi amezoea breki za drami. Alipofungua akakuta diski, akajaribu kuisukuma pistoni kwa jiriwa, haikurudi hata unywele. Akanifungia pedi zilezile akaniambia imekufa."

"Haijafa. Pistoni ya nyuma ya gari la namna hiyo haisukumwi. Inazungushwa kama skrubu, kwa sababu breki ya mkono imo humohumo."

Alisema kabla hajajizuia. Maulid alitabasamu, na Zuwena akajua amejifunga mwenyewe.

"Pedi mpya ninazo, nilizibeba Dubai. Jumamosi Tuhfa atakuletea gari hapa uani, ufunge geti, watu wasijazane. Jumapili nina safari ya Moa."

Akaondoka. Zuwena alirudi kwenye mkeka lakini ukili haukwenda. Alikuwa akiifikiria pistoni ile, na jinsi ilivyo rahisi mtu kuifanya kazi nusu: boliti moja isikazwe hadi mwisho, tone la grisi kwenye uso wa pedi, mtu asijue mpaka siku anapohitaji kusimama. Wazo lilimjia kama mgeni asiyebisha hodi. Hakulikaribisha, lakini hakulifukuza pia. Likalala naye Alhamisi, likalala naye Ijumaa.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari liliingia uani likikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Tuhfa alishuka. Alikuwa amevaa buibui jepesi na viatu vyeupe, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Baba Nasima anasema nikae nikusaidie kukanyaga breki utakaponiambia."

"Kaa pale kwenye kibao. Utachafuka."

Zuwena alivaa ovaroli lake la karakana, buluu iliyopauka, likimbana kiunoni sasa. Aliingia ndani ya gari kuachia breki ya mkono, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza alikaa kwenye kile kiti. Kilikuwa chini, kimemkumbatia mbavuni. Kilinukia udi. Kiliwekwa mbele, kwa miguu mifupi ya Tuhfa, na magoti ya Zuwena yaligonga usukani. Alitoka haraka kama aliyekalia kitanda cha watu.

Alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akalegeza nati za nyuma, akapiga jeki, akaliegemeza gari juu ya vipande viwili vya mataruma ya reli alivyokuwa navyo kwa kazi hiyo. Jeki aliiamini kuinua, kushikilia hakuiamini. Gurudumu la kushoto likatoka. Alichuchumaa, akatazama, na mikono yake ikasita.

Nyuma ya gurudumu, kwenye kila pembe ya bodi, kulikuwa na udongo umegandamana tabaka juu ya tabaka. Udongo mwekundu, mzito, unaong'aa kama siagi pale kisu kinapopita.

Siri ya mtungi aijua kata, na siri ya gari anaijua anayelilalia chini. Zuwena aliujua udongo ule. Mara ngapi alipelekwa na shirika kule Usambara ya mashariki, malori ya chai yalipokwama, akalala chali ndani ya tope hilo akitengeneza propela huku mvua ikimpiga miguu? Njia ya kupanda Amani. Moa hakuna udongo wa namna ile. Moa ni mchanga na mikoko.

Alifungua boliti za kalipa, ile taya inayobana diski, akaitundika kwa waya ili isining'inie kwa mpira wake, akatoa pedi. Ya ndani ilikuwa imekwisha hadi chuma. Ya nje ilikuwa na nyufa, imeungua ikawa kama ukoko, na diski ilikuwa na rangi ya buluu ya chuma kilichopita motoni. Hivi ndivyo zinavyokuwa breki za mtu anayeshuka mlima mguu ukiwa juu ya pedali mwanzo hadi mwisho, bila kujua kazi ya gia ndogo. Si mara moja. Mara nyingi. Alijiinamisha zaidi akaona bomba la moshi limekwanguliwa na mawe. Gari lililo chini namna hii halipelekwi mlimani kwa biashara. Kwa biashara mtu hukodi Landrova.

Kwa hiyo si Raskazone tu. Alikuwa akimpandisha mlimani, kwenye baridi na ukungu, wakale kuku wa kienyeji, wajifunike blanketi moja. Na siku hizo zilikuwa zake yeye, Zuwena. Alichukua brashi ya waya akaanza kusafisha njia za pedi, akisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na alipozungumza sauti yake ilikuwa tamu mno.

"Na Amani mlipokwenda, baridi haikukusumbua? Nyinyi watu wa visiwani hamkuizoea."

Tuhfa aliinua uso. "Amani gani, dada?"

"Amani ya mlimani. Huko juu ya Muheza."

"Mimi sijafika. Tangu nije Tanga nimekwenda Pangani mara moja tu, kwenye harusi, na Ushongo siku ile ya Idi. Kwa nini?"

Zuwena alimtazama. Anayedanganya huweka uso wake mahali pake. Uso wa Tuhfa ulikuwa umeachwa wazi kama dirisha.

"Na siku za Moa," Zuwena aliuliza polepole, "yeye huwa yuko wapi?"

Tuhfa alitazama viatu vyake. "Nilidhani yuko kwako."

"Kwangu?"

"Siku zangu zinaliwa na Moa, dada. Wiki hadi wiki. Nikajisemea, Moa hiyo ni Ngamiani. Mke mkubwa hasahauliki, ameanza naye maisha. Nilikuwa..." Hakumaliza. Shingo yake ilikuwa imewiva. "Nilikuwa nakuonea wivu."

Kama asingekuwa na brashi mkononi Zuwena angecheka. Binti huyu, mwenye gari na kitanda cha meli, alikuwa akilala macho juu yake! Kwa muda mfupi alisikia raha, raha mbaya yenye chumvi, ya kujua kwamba kisu kilichomkata yeye kimemkata na mwenzake. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kusema, basi, nimeuliza tu, akamwacha aendelee kudhani ni Ngamiani, na kila siku ya Moa Tuhfa angemlilia yeye. Wazo hilo lilikuwa na utamu wake.

Lakini Tuhfa alikuwa amekwisha kusimama, amekuja, amechuchumaa karibu yake bila kujali buibui. Aligusa udongo kwa kidole, akakitazama.

"Hii ndiyo Amani?"

"Ndiyo."

"Anakwenda na nani?"

"Nadhani peke yake. Mtu hapandi mlima ule kila wiki kwa matembezi. Anamfuata mtu aliye huko."

Tuhfa hakupiga kelele. Alikitazama kidole chake muda mrefu, kisha akatazama pedi mpya zilizokuwa juu ya gazeti, na aliposema sauti ile ya pole haikuwapo tena.

"Usizifunge, dada. Rudisha zilezile. Mwache aende nazo."

Zuwena aliganda. Yale yalikuwa maneno aliyoyalaza kichwani siku mbili, yakiwa ya boliti na grisi, na katika kichwa chake yalikuwa na haki na heshima ya mtu aliyedhulumiwa. Kutoka katika mdomo wa mtu mwingine, uani mchana kweupe, huku kuku wakipekua kando, yalikuwa maneno ya kuua tu. Alisikia haya ikimpanda hadi masikioni.

"Ile njia ya kushuka ina watu," alisema. "Nimeipita. Wanawake wanashuka nayo kwenda sokoni, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Ikimshinda kona moja tu, atawapitia."

"Sikuwa na maana—"

"Ulikuwa nayo. Hata mimi nilikuwa nayo. Nipe ile koleo ya mdomo mwembamba."

Tuhfa alimpa.

Zuwena alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akayapunguza yasije yakafurika, kisha akaiingiza koleo kwenye vitobo vya pistoni, akawa anaisukuma na kuizungusha kwa pamoja, kuume, kuume, nusu mzunguko kila mara. Ilikuwa ngumu. Ilimkataa, ikalegea, ikaanza kuingia. Jasho lilimdondoka puani. Alihakikisha kitobo kimekaa sawa na kijino cha pedi, maana hilo likikosewa breki hushika upande. Akapaka grisi njia za kupitia tu, akafuta vidole kwenye kanga kuukuu kabla ya kuzigusa pedi mpya, akazipachika, akarudisha kalipa, akakaza boliti hadi mwisho. Ya kulia ikafuata. Kazi yote aliifanya kama aliyekuwa akitazamwa na msimamizi wake wa zamani, mzee Eliudi, ambaye hakuwahi kumsifu mtu na ambaye siku ya kufungwa karakana alimpa mkono kwa mikono yake miwili.

"Ingia ndani. Kanyaga breki taratibu, uachie. Tena. Tena."

"Inazama."

"Itapanda. Endelea."

"Imekuwa ngumu sasa."

"Basi. Vuta breki ya mkono. Inalia mara ngapi kabla ya kushika?"

"Kama mara tano."

"Inatosha."

Maulid alikuja baada ya swala ya alasiri, kanzu nyeupe, kofia pembeni kidogo. Alizunguka gari akitabasamu. Tuhfa alikuwa ndani ya nyumba, amesema kichwa kinamuuma.

"Mama Nasima, wewe ni fundi kweli. Nipe ufunguo."

"Fundi halitoi gari bila kulijaribu. Panda huko upande wa pili."

Hakulizoea hilo, lakini alipanda. Zuwena alisogeza kiti nyuma, akakirekebisha kioo, akatoka getini akiwa na ovaroli na ushungi. Kibarazani kwa jirani Mwamvua aliacha kupepeta mchele. Gari lilikuwa jepesi mikononi kuliko kitu chochote alichowahi kuendesha, ukiligusa linakwenda. Hili ndilo lililomuuma upya kabisa, kwamba alikuwa akilipenda.

Alipita Chumbageni, akashika njia ya Amboni kuelekea kaskazini. Kila penye nafasi aliongeza mwendo, kisha akapunguza kwa breki taratibu, ili pedi mpya zipatane na diski. Gari lilisimama sawasawa, bila sauti. Maulid alikuwa ameshika mpini wa mlango.

"Njia hii ya nini?" aliuliza.

"Si ndiyo ya Moa? Moa kuna udongo wa namna gani?"

"Mchanga. Unauliza nini wewe?"

"Mweupe?"

"Mweupe, ndiyo."

Zuwena alitia mkono mfukoni mwa ovaroli akatoa bonge la udongo mwekundu, alilolibandua chini ya gari kwa kisu, akaliweka juu ya goti la kanzu. Hakumtazama. Alibadilisha gia, akampita mtu wa baiskeli kwa uangalifu.

Maulid hakuliondoa.

"Nilikuwa nitawaambia," alisema mwishowe.

"Ni nani aliyeko huko?"

"Mwanamkasi. Baba yake ananunua iliki kule."

"Unamtaka, au umekwisha kumwoa?"

"Nimeoa. Rajabu."

Rajabu. Yaani mfungo wote aliomfuturisha, akimkaangia vitumbua, alikuwa mwanamume wa wake watatu. Zuwena alitafuta wivu akaukuta mahali pake, wala haukuwa umepungua. Ulikuwa umekosa tu mtu wa kumshika. Mwanamkasi hakuwa na uso. Tuhfa, ambaye uso wake aliuchukia mwaka mzima, alikuwa amelala kwenye kitanda chake yeye Zuwena na kidole chenye tope.

Aligeuza gari penye mwanya, wakarudi. Mbele ya nyumba alilizima, akavuta breki ya mkono, akampa mumewe ufunguo.

"Zimekubali. Lakini mlima ule usishuke kwa breki. Weka gia ya pili tangu kule kileleni, uache injini ikushike. Utaziunguza tena, na sitazifunga mimi."

"Mama Nasima, tuzungumze."

"Leo hapana. Wala usije hapa mpaka nikutumie mtu."

Maulid alisimama na udongo umeacha duara jekundu kwenye kanzu. Watu walikuwa wakitazama. Akapanda gari, akaondoka.

Mambo mengine yalikuja baadaye, na Tanga nzima iliyasikia: jinsi Zuwena alivyomtuma kaka yake Tahiri kwenda kudai talaka, Maulid akakataa mara mbili, ya tatu akaandika, na jinsi uani pale palivyogeuka gereji, magari madogo ya kutoka ng'ambo yakipanga foleni kwa sababu ya zile diski za nyuma ambazo mafundi wengine waliziogopa. Tuhfa hakuomba talaka. Alirudi Wete miezi miwili, Maulid akamfuata, akarudi Raskazone.

Lakini alasiri ile hakuna aliyejua hayo. Zuwena aliingia ndani akanawa mikono kwa sabuni ya unga mara tatu. Tuhfa alikuwa amekaa kitako kitandani, macho makavu, anangoja.

"Amesemaje?"

Zuwena alimweleza kama alivyoelezwa: jina, baba, iliki, Rajabu. Hakupunguza wala kutia chumvi. Alipotaja Rajabu, Tuhfa alifunika uso kwa kanga na kilio kikamtoka, kilio kikubwa kisicho na aibu, cha mtu anayejua kwamba duniani yuko mama yake atakayekisikia. Alilia akiyumba, alilia akilitaja jina la Maulid na la Mungu. Zuwena alikaa kando yake, akamwekea mkono mgongoni, akaacha mkono ukae.

Naye alitaka kulia. Alingoja machozi kama mtu anavyongoja mgeni aliyeahidi. Hayakuja. Alikuwa ameyazuia miaka mingi mno, mbele ya wanaume kumi na wanane, mbele ya askari wa msako, mbele ya gari jekundu, na sasa yalikuwa yamesahau njia. Akakaa pale akimpapasa mke mwenzie mgongo, akimsikiliza, na hata kilio kile akamwonea wivu.